Nilifuata dawa ya joto katika mji wa joto

Ikiwa umewahi kupanda matatu jijini Nairobi mwezi wa Julai, unajua kwamba dirisha linaweza kuzua vita. Nje kuna manyunyu, abiria wamejikunyata ndani ya makoti kama kuku walionyeshewa, na ole wake atakayethubutu kuruhusu upepo uingie. Julai ya mwaka jana, aliyekuwa akilifungua dirisha hilo ni mimi.

Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, na ghafla uso mzima ukawa unawaka kama niliyeinamia jiko la makaa. Jasho likanitiririka mgongoni. Nikalisukuma dirisha. "Mathe, funga hiyo kitu, watu wanaganda!" akapaza sauti kondakta. Kufikia wakati huo joto lilikuwa limeshapita na mimi mwenyewe nilikuwa nikitetemeka kwa baridi.

Nilikuwa na umri wa miaka 41. Hedhi ilianza kwa kuruka mwezi, kisha miwili, na baada ya Januari haikurudi tena. Nina mtoto mmoja, binti wa miaka 14, na kwa miaka mingi tulikuwa tukimwomba Mungu wa pili. Kwa hiyo utaelewa, msomaji, nilichokifikiria mwezi wa Februari. Nilinunua kipimo cha mimba katika duka la dawa nikakitumia alfajiri, mlango wa bafu nimeufunga. Mstari mmoja. Nikanunua cha pili. Mstari mmoja.

Sikumwambia mtu. Usiku nililowesha shuka kwa jasho, nikatupa blanketi, nikahamia ukingoni mwa kitanda. Mume wangu akadhani nimemkasirikia, nami sikumwondolea dhana hiyo, kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko ukweli.

Makopo ya River Road

Ukitaka kujua jinsi wanawake wa jiji hili wanavyoteseka kimya kimya, zunguka maduka ya dawa kati ya Tom Mboya na River Road saa za jioni. Utawaona wakisubiri wanaume watoke dukani kwanza, kisha wanainama kwenye kaunta na kunong'ona. Mimi nilijiunga nao.

Duka la kwanza liliniuzia mafuta ya ua la primrozi, yaliyofungwa ndani ya vidonge laini vya rangi ya dhahabu. La pili likanipa tembe za soya. La tatu lilinipa kohoshi nyeusi, mzizi wa mmea wa Marekani Kaskazini ambao wenyeji wa huko walikuwa wakiutumia tangu zamani. Mahali pengine, ghorofani, niliuziwa kopo la unga wa mitishamba lenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Unga huo niliunywa kila asubuhi kwa wiki tano. Katika maduka yote hayo hakuna aliyeniuliza umri wangu, wala dawa nyingine ninazotumia. Nami natumia dawa ya presha.

Joto halikupungua. Kilichoongezeka ni maumivu ya kichwa.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa, dada yangu mkubwa aliyeolewa Mombasa alinipigia simu. "Mlete mtoto aone bahari," akasema. Nilikubali haraka, lakini moyoni nilikuwa na safari yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba Marikiti kuna wazee wa viungo wanaojua kila ugonjwa wa mwanamke.

Kuteremka pwani

Tulipanda gari moshi la asubuhi kule Syokimau, lile linalosimama vituoni. Reli hii mpya ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017 na inakimbia kilomita zipatazo 470 hadi Miritini. Ikiwa hujawahi kuipanda na watoto, panga uipande. Kutoka Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, unateremka polepole: nyanda za Athi, Emali, Kibwezi, kisha Mtito Andei. Hapo udongo unageuka mwekundu na mibuyu inaanza kujitokeza. Ndani ya Tsavo binti yangu aliwaona ndovu wekundu kwa vumbi, akapiga kelele hadi behewa zima likasimama kuchungulia.

Joto lilinipata mara mbili kabla ya Voi. Mara ya pili binti yangu alikuwa akinitazama. Akanipepea kwa daftari lake bila kusema neno.

Tuliposhuka Miritini alasiri, hewa nzito ya pwani ilitukumbatia mlangoni. Hapo, msomaji, nikaona jambo lililonichekesha. Kila mtu alikuwa akitoka jasho! Dereva wa matatu alikuwa na taulo shingoni. Akina mama walijipepea kwa ncha za leso. Madirisha yote yalikuwa wazi na hakuna aliyegombana na mwenziwe. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nilikuwa mahali ambapo hakuna mtu angejua. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimelowa kama wengine wote, na raha niliyoipata ilinitia huzuni kidogo.

Mzee wa Marikiti

Soko la Mackinnon, ambalo wenyeji huliita Marikiti, liko kando ya barabara ya Digo, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Ukipita kwenye maembe na mananasi ukaingia upande wa viungo, pua ndiyo itakayokuongoza. Magunia yamefunguliwa midomo: iliki, karafuu, mdalasini, bizari, pilipili manga, tangawizi kavu. Juu ya rafu kuna ubani, udi, habasoda na chupa za mafuta ya kila rangi. Usiwe na haraka. Muuzaji atakuweka harufu mkononi na kukueleza pilau ya harusi inahitaji nini, hata kama ulikuja kununua chumvi.

Nilimchagua mzee mmoja aliyevaa kofia ya mikono, kwa kuwa alikuwa na uso wa upole. Nikamwamkia, naye akaitikia na kuniuliza, "Waja na shida gani, mwanangu?"

Nilizunguka. Nilimweleza habari za "rafiki yangu" mwenye joto la usiku. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akashika uwatu kwa kiganja, zile mbegu ndogo za manjano ambazo wengine huziita hulba.

"Hizi twawapa wanawake waliojifungua, na wengine huzinywa kwa joto hilo usemalo," akasema. "Lakini huyo rafikiyo ana miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

Akazirudisha mbegu guniani. "Angekuwa na miaka 50 ningemuuzia, akanywa, akangoja. Arobaini na mmoja ni mapema. Mwambie aende kwa daktari kwanza. Uwatu hautaondoka hapa."

Kumbe aliyetakiwa kuniuliza umri kule River Road alikuwa akiuza viungo Marikiti! Nilinunua iliki na mdalasini wa chai ili nisiondoke mikono mitupu.

Binti asoma kopo

Karibu na soko kuna duka la dawa ambalo cheti chake cha Bodi ya Dawa na Sumu kilining'inizwa mahali pa kuonekana. Niliingia nikitafuta dawa ya kichwa tu. Mfamasia, msichana mwenye buibui na sauti ya chini, akaniuliza ninatumia nini kingine. Nikamwaga mkoba wangu juu ya kaunta: vidonge vya dhahabu, soya, kohoshi nyeusi na kopo langu la unga.

"Umesoma kilichomo?" akauliza.

Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa dada. Binti yangu akalichukua kopo, akalisogeza kwenye mwanga, akaanza kusoma maandishi madogo kana kwamba yuko darasani. Alipofika kwenye mizizi ya likorisi, mfamasia alimsimamisha. Likorisi, alinieleza, hupandisha presha, hasa ikinywewa kila siku kwa wiki nyingi. Akanifunga kipimo mkononi. Kilisoma 160 kwa 100.

"Mama," binti yangu akauliza, "kwani unaumwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mfamasia alimletea kiti akaketi, kisha akanieleza dawa zangu moja baada ya nyingine, nami nakueleza wewe kama alivyoniambia.

Mafuta ya primrozi yamepimwa na wataalamu na hayakuonyesha kulishinda joto kuliko kidonge kisicho na dawa. Soya huwasaidia baadhi ya wanawake kwa kiasi kidogo, nayo ni chakula kizuri, lakini tembe zake zilizokolezwa zisitumiwe na mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti bila ushauri wa daktari. Kohoshi nyeusi matokeo yake yanatofautiana, na kuna watu walioripotiwa kudhurika ini wakiitumia. Ukiona macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, iache upesi na uende hospitalini. Uwatu hushusha sukari mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa ajihadhari. Akaniambia pia kuhusu mmea unaoitwa wati wa Mtakatifu Yohana, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na hasira. Huo huzipunguzia nguvu tembe za kupanga uzazi, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na baadhi ya dawa za damu.

"Lakini kuna walioniambia zimewaponya," nilibisha.

"Ni kweli wameona nafuu," akasema. "Wanawake wengi hupata nafuu hata wakipewa kidonge cha bure, maana joto lenyewe huja na kwenda. Si vibaya kupata nafuu. Kibaya ni kuichukua nafuu mahali pa matibabu wakati una miaka 41."

Hakuniuzia chochote cha kuondoa joto. Aliniandikia jina la kliniki.

Siri ya mama yetu

Usiku ule, mtoto alipolala, nilimweleza dada kila kitu barazani. Nilitarajia ashangae. Yeye alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Wewe ulikuwa mdogo. Mama alikuwa akiamka usiku na kukaa nje kwenye baridi, kanga imelowa. Tulidhani ni malaria. Alimezeshwa klorokwini hadi masikio yakavuma. Hakuwa na zaidi ya miaka 42."

Mama yetu aliteleza jikoni akiwa na miaka 61, akavunjika nyonga. Hakuanguka kutoka juu ya mti, aliteleza tu kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji. Hakutembea vizuri tena hadi alipofariki. Miaka yote hiyo tuliilaumu sakafu.

Daktari wa kliniki alipoyasikia hayo siku iliyofuata, aliiweka kalamu chini. Wanawake wengi, alisema, hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya 45 huhesabiwa kuwa mapema, na kabla ya 40 humpata karibu mwanamke mmoja kati ya 100. Sababu yaweza kuwa upasuaji wa kuondoa ovari, matibabu ya saratani, kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, sigara, au damu ya ukoo kama yetu. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna kopo lililoliandika. Joto na jasho ni kelele tu. Homoni ya estrojeni ndiyo inayolinda mifupa na kuusaidia moyo, na anayeikosa mapema huishi miaka mingi zaidi bila ulinzi huo. Ndiyo maana kwa aliyekoma mapema, madaktari hupendekeza kuirudisha homoni kwa dawa hadi kufikia umri wa miaka 50 hivi, isipokuwa kama ana kizuizi, kwa mfano saratani ya matiti. Mwenye tumbo la uzazi hupewa homoni mbili pamoja ili tumbo lenyewe lisidhurike. Dawa hizi hazinunuliwi kaunta bila karatasi ya daktari.

Alinipima mimba, tezi la shingo na malaria, maana majasho ya usiku yana mama wengi. Kikohozi kinachopita wiki mbili na kukonda kungemfanya anipime kifua kikuu pia. Kisha akatoa damu ya kupima homoni, na kunitaka nirudie kipimo hicho Nairobi baada ya wiki sita, kwani kipimo kimoja hakitoshi.

Nikamuuliza lile swali. Hakunidanganya. Alisema ovari zilizochoka zaweza kushtuka mara mojamoja, na ndiyo maana asiyetaka mimba hushauriwa kuendelea kujikinga kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho ikiwa hajafika 50. Lakini kwa anayetaka, nafasi ni ndogo. Nililia pale kitini. Alinipa muda, hakutazama saa.

Mihogo ya Mama Ngina

Jioni tulikwenda bustani ya Mama Ngina, pale mlangoni mwa bahari ambapo meli kubwa hupita karibu hadi unaona nguo za mabaharia zikianikwa. Ukifika Mombasa usikose mahali hapa. Mibuyu ya kale, watoto wakikimbizana, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa ndimu na pilipili, na madafu ya kuishushia.

Nilitafuna muhogo wenye pilipili na papo hapo joto likanipanda. Daktari alikuwa ameniambia: pilipili, kahawa, pombe na vinywaji vya moto huliamsha kwa wengi. Binti yangu akanipepea tena, na safari hii nilimwambia. Nilimweleza kwa maneno ya kawaida kwamba mwili wangu umefunga duka mapema, kwamba bibi yake alikuwa vivyo hivyo, na kwamba yeye akishakuwa mkubwa amweleze daktari wake habari hizi bila kungoja.

Akawaza. "Kwa hiyo hakutakuwa na mtoto mwingine?"

"Pengine hapana."

Akanisogezea dafu lake. Meli ikapita, tukaitazama hadi ikapotea.

Usiku nilimpigia mume wangu simu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na methali hiyo ilinichoma, lakini nyingine ilinisukuma: mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipomaliza, alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa nini ulibeba peke yako?" Aliponipokea Syokimau alikuwa amenunua feni.

Unachoweza kununua, na usichoweza

Kipimo cha pili kilithibitisha. Presha yangu ilishuka baada ya kuliacha lile kopo, na ilipotulia daktari alinianzishia homoni. Joto limepungua sana na ninalala. Kwa yale niliyojifunza, msomaji, shika haya.

Kwanza, hesabu umri. Ukiwa na chini ya miaka 45 na hedhi imepotea kwa miezi kadhaa, duka la dawa liwe njia ya kukufikisha kwa daktari, lisiwe mwisho wa safari. Na wa umri wowote aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Pili, vipo vitu vya kaunta vinavyofaa. Kwa ukavu wa sehemu za siri, uliza jeli ya maji. Usitumie mafuta ya kujipaka pamoja na mipira ya kondomu, kwani huichakaza. Tembe za kalisi na vitamini D humfaa asiyepata vya kutosha kwenye chakula, lakini anza na sahani: maziwa, mala, sukuma wiki, ufuta, na omena wanaoliwa na mifupa yao. Tembea kwa miguu kila siku, panda ngazi, beba vitu. Mifupa hupenda kazi.

Tatu, vaa pamba na uvae kwa tabaka, ili uweze kuvua kipande kimoja bila kufedheheka. Leso nyepesi kitandani inashinda blanketi zito. Weka maji baridi karibu. Andika daftarini joto linakuja saa ngapi na baada ya kula nini. Ukivuta sigara, acha.

Nne, chochote unachokinywa, hata kama ni majani ya shambani kwa nyanya yako, kitaje kwa daktari na mfamasia. Kopo lisiloandika kilichomo liache rafuni.

Na neno la mwisho ni kwenu nyote mnaopanda matatu. Ukimwona mama akifungua dirisha asubuhi ya baridi, usimfokee. Funga zipu ya koti lako, umvumilie dakika tatu. Litapita, naye atalifunga mwenyewe.